Orodha ya Wasiokimbia

Mwaka ulikuwa themanini na tatu. Hapana, ngoja. Themanini na tatu ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi, watu wa Musoma wakawa wanatumbukiza vitenge chooni kwa hofu ya kukutwa navyo. Hii ilikuwa themanini na nne. Mvua imekata, mihogo imesinyaa ardhini, na mafundi cherehani wa Bunda wanashinda barazani wakitazamana kwa kukosa uzi. Naam, themanini na nne. Ndio mwaka ambao Pastory Masatu alikimbia kwa mara ya kwanza tangu apate akili, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na minane.

Pastory alikuwa mtu wa Guta, kule karibu na ziwa, lakini mwaka huo alikuwa anaishi ukweni, katika kitongoji kimoja cha upande wa Butiama. Mwanaume kuhamia ukweni ni jambo la kuchekwa, nao walimcheka. Walisema ameolewa. Walimuuliza kama mahari yake ililipwa yote. Fundi Jumanne wa Bunda, aliyemfundisha kushona na kumpa nafasi kwenye baraza lake, alikuwa amefunga mlango tangu vitambaa viadimike. Mkewe Gati alikuwa na mimba ya pili, na mtoto wao wa kwanza, Dorotea, alikuwa ndio kwanza anajifunza kuomba chakula kwa maneno. Mama yake Gati, anayeitwa Marieta, alikuwa bado na mtama kidogo ghalani na ng'ombe saba zizini. Basi wakaenda, kichwa cha cherehani kikiwa begani kwa Pastory na miguu yake ya chuma ikifuata nyuma juu ya baiskeli ya kuazima.

Huko alipata kazi ya viraka. Uzi aliufumua kwenye mifuko mitupu ya salfeti, akaukunja vidoleni kama mwanamke anayesuka ukili, na suruali za kitongoji kizima zikawa na mishono myeupe mapajani. Mama mkwe wake naye alikuwa anamletea kaniki. Lakini hawakuwa wanasemeshana. Mila ya kule haimruhusu mkwe na mama mkwe wake kukutanisha macho wala maneno. Marieta aliiweka kaniki juu ya jiwe, akawaambia kuku wake kwamba laiti angepatikana mtu wa kuishona hii, halafu akaenda zake. Pastory aliishona, akairudisha juu ya jiwe. Miezi minane waliishi hivyo, na walielewana kuliko watu wengi wanaoongea.

Sasa, mtu anafikishaje umri huo hajakimbia? Hapo inabidi turudi ziwani.

Shule aliyosoma Pastory kila siku ilianza kwa mchakamchaka. Watoto walipangwa mistari miwili, mmoja akatangulia kuimbisha, wakaenda hadi ufukweni na kurudi, vumbi juu, miguu yote inatua kwa pamoja. Nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa uji wa muhogo. Juu yake paliandikwa kwa herufi kubwa: WASIOKIMBIA. Majina yalikuwa matano. La kwanza la mvulana mwenye mguu uliopinda. La pili la msichana mwenye pumu. La tatu na la nne ya ndugu wawili wenye kifafa. La tano, Pastory Masatu. Mbele ya kila jina paliandikwa neno moja tu, mgonjwa.

Alikuwa darasa la kwanza siku alipoitwa atoke mstarini akakae kwenye jiwe. Akatoka. Mwalimu amesema, mwalimu anajua. Nyumbani alimweleza mama yake, Pelagia, kwamba shuleni wamesema yeye ni mgonjwa, asikimbie. Mama akamwekea kiganja kifuani, akasikia moyo unadunda, akasema basi. Tangu siku hiyo Pastory hakutumwa maji. Hakupelekwa machungani. Wenzake walipojitupa ziwani yeye alibaki kulinda nguo, wakicheza mpira alilinda nguo, na ngoma za mavuno akawa anatazama kutoka kwenye kivuli cha ghala. Hakuna aliyemfukuza. Mahali pake palikuwa hapo tu, kama vile kiti cha mzee kinavyokuwa na mahali pake.

Kitu kimoja walimpa. Kwa kuwa alikuwa amekaa bure kwenye jiwe, walimpa ngoma ya mchakamchaka aipige. Akaipiga miaka saba. Alifika mahali anajua, hata bila kuwaona, wakimbiaji wamefika wapi na nani amechoka, kwa kusikiliza tu ni mguu wa nani unachelewa kutua. Walimu walibadilika, karatasi ilichanika ikaandikwa upya, jina lake likanakiliwa pamoja na mengine.

Alipokuwa kijana akaitwa kwenye mafunzo ya mgambo. Katibu alimuuliza ana tatizo gani la mwili. Akajibu kuwa ni mgonjwa. Wa nini? Wa tangu shule, alisema Pastory, na katibu akaandika hivyohivyo, akamrudisha nyumbani.

Gati yeye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Msichana huyo alikimbia kwa niaba ya shule yao hadi mashindano ya Musoma, na walionana kwa mara ya kwanza alipokuja kwenye baraza la fundi Jumanne kupunguziwa kaptura ya michezo. Hata baada ya kuzaa miguu yake haikusahau. Kisimani alikwenda mbio, mbuzi akipotea alimfuata mbio na Dorotea yuko mgongoni anacheka. Mara moja tu alimuuliza mume wake kwa upole kwamba hasa anaumwaga nini. Pastory alisema moyo. Baadaye, alipoulizwa na shemeji yake, alisema kifua. Ilibidi achague kitu.

Tukija kwenye siku yenyewe, ilikuwa Alhamisi. Wanaume wa kitongoji walikuwa wamekwenda kwenye mashimo ya dhahabu kutafuta chochote cha kuwavusha mwaka, na kaka yake Gati, Chacha, alikuwa miongoni mwao. Waliobaki ni wanawake, watoto, balozi wa nyumba kumi mzee Nyamhanga anayetembelea fimbo, mzee mwingine aliyekuwa haoni, na fundi viraka.

Yowe lilisikika saa tatu asubuhi. Halikuwa la karibu. Lilianza mbali juu, likashuka kutoka mji hadi mji, na baada yake wakatokea watu kama ishirini, wana pinde na mikuki, jasho limewakaukia mwilini likaacha chumvi. Walikuwa wa kijiji cha juu. Ng'ombe wao kumi na mmoja walikuwa wamechukuliwa, na nyayo zimeingia hapa, zimepita nyuma ya zizi la Marieta, zinaelekea bondeni.

Sheria ya nyayo kila mtu wa kule anaijua. Nyayo za ng'ombe walioibwa zikiingia kwenye ardhi yenu, ni zenu. Wenye mali wanachomeka tawi bichi kwenye unyayo wa mwisho. Mwanaume wa kwenu analichomoa, anatangulia nalo mbele ya wote, mbio, hadi mpaka wa ardhi yenu, awakabidhi wa upande wa pili. Njiani halishuki chini, na aliyelishika haketi. Akiketi, nyayo zimefia hapo, maana yake wezi ni ninyi au mmewaficha, na mnalipa ng'ombe kwa ng'ombe. Mpaka wenyewe ulikuwa kijito cha bondeni. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili.

Aliyewaongoza alikuwa mtu mrefu mkavu anaitwa Keraryo, ana kopo la ugoro linaloning'inia shingoni. Alisalimia vizuri, akaulizia afya ya watoto, halafu akachomeka tawi.

"Balozi, nyayo ni zenu hizi," alisema. "Tupe mtu, wezi hawatungoji."

Mzee Nyamhanga alieleza habari ya mashimo ya dhahabu. Keraryo alisema anaelewa, njaa ni ya wote, lakini sheria haina mahali inaposema isipokuwa wamekwenda kuchimba. Gati akajitokeza, akasema atalibeba yeye. Wakamtazama tumbo. Kijana mmoja akasema basi watafute na mkunga wa kufuata nyuma, na wenzake wakacheka kicheko kifupi cha watu waliochoka. Keraryo alimjibu Gati bila dharau kwamba tawi halishikwi na mwanamke, na kama lingeshikwa, yeye asingekuwa na wasiwasi.

Kisha macho yake yakazunguka, yakatua barazani. Pastory alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, na chini ya sindano hakuna nguo.

"Na yule?"

"Yule ni mkwe," alisema balozi. "Halafu ni mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

Balozi akamtazama Gati. Gati akatazama chini.

Keraryo hakubishana. Aligeuka akaangalia zizi, na vijana wake wawili wakaanza kulisogelea taratibu, kama watu wanaokwenda kuangalia tu. Ng'ombe wa Marieta walikuwa saba, na ndio pekee kitongojini ambao njaa ilikuwa bado haijawauza. Maziwa ya Dorotea yalitoka humo. Mahari ya Chacha ilikuwa humo. Mtama ukiisha, na ulikuwa unakaribia kuisha, kilichobaki kati ya watu wale na kuombaomba ni wale ng'ombe saba. Kijana wa kwanza aliweka mkono kwenye mti wa lango.

Pastory alisimama. Baadaye, kila alipoulizwa, alisema hakufikiri kitu. Alisimama kwa sababu waliokuwa wamesimama hawakutosha. Akavuka uwanja, akachomoa tawi.

Watu wa juu wakatazamana. Keraryo akasema vizuri, sheria imesema mwanaume, haikusema mzima.

Hapo ndipo Marieta alipotoka nyumbani kwake. Alimpa mkwe wake mgongo, kama inavyotakiwa, akatazama ukuta, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamsemesha.

"Baba Dorotea," alisema. "Usiketi."

Wakaondoka.

Gati alikimbia pembeni yake hadi mwisho wa mashamba, mkono mmoja chini ya tumbo. Pastory alikuwa ameanza vibaya, kwa pupa, mabega juu, kama anayekimbia nyuki. Gati alimwambia ashushe mabega. Akamwambia asitazame mbali. Walipofika kwenye mti wa mwisho, ambapo hakuweza tena kuendelea, alimwambia lile walilomwambia walimu, lakini kwa mwisho ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuusema.

"Wewe usikimbie. Wewe piga ngoma. Ile ya mstari wa nyuma, ya wadogo. Pigia miguu."

Akabaki pale. Pastory hakugeuka kumtazama.

Alipiga ngoma. Ndi, ndi, ndi, ile ya watoto wa darasa la kwanza, polepole kuliko unavyotaka. Nyuma yake vijana walilalamika kwamba kwa mwendo huu wezi watafika Kenya na kujenga nyumba. Keraryo aliwanyamazisha. Nyayo zilionekana wazi kwenye vumbi, na mmoja wa ng'ombe alikuwa na kwato iliyopinda, anaacha alama ya upande kama mshono ulioruka.

Lakini hofu ya Pastory haikuwa wezi, wala haikuwa Keraryo. Alikuwa anausubiri ugonjwa wake. Miaka ishirini alikuwa ameishi nao bila kuuona, kama mpangaji wa chumba cha pili asiyetoka nje, na leo amegonga mlango wake kwa nguvu. Jasho lilipoanza kumtoka kifuani alisema moyoni, ndio huu. Halikuwa lolote. Mate yalipogeuka mazito alisema, ndio huu sasa. Kwenye mteremko wa kwanza moyo ulianza kumpiga hadi masikioni, na hapo alikuwa na hakika. Alimfikiria Dorotea. Alifikiria watamchukua vipi hadi Guta kumzika, na dizeli hakuna. Alikaza kiganja kwenye tawi, kwamba akianguka aanguke nalo limeelekea mbele.

Hakuanguka. Ngoma iliendelea. Na katikati ya hiyo ngoma akasikia kitu kingine. Alikuwa na sikio la kusikia waliochoka, ndiyo kazi aliyofanya miaka saba. Akasikia nyuma yake watu ishirini wanahema. Yule kijana wa mkunga alikuwa anahema kama mvukuto. Keraryo mwenyewe alikuwa anavuta pumzi kwa mluzi puani. Miguu mitatu au minne ilikuwa inachelewa kutua.

Nao wanahema, Pastory alijiambia. Kumbe nao wanahema.

Wazo hilo lilimshangaza kiasi kwamba alikosa hatua mbili. Alikuwa anadhani siku zote kwamba wanaokimbia hawasikii kitu, kwamba wamepewa kifua cha namna nyingine. Tena akatambua kwamba mapaja yake hayaumi. Miaka kumi na tatu ya kukanyaga cherehani, asubuhi hadi jioni, na kutembea Bunda na Musoma na chuma begani siku ambazo magari yamekosa mafuta, na hakuna aliyemwambia kuwa hiyo nayo ni miguu.

Walifika kwenye majabali. Pale mwamba umelala wazi kama mgongo wa kiboko, na nyayo zikapotea. Watu wa juu walitawanyika kutafuta. Wengine walichuchumaa, wengine wakajilaza kabisa. Yeye hakuruhusiwa, na kusimama kukawa kubaya kuliko mwendo. Mashavu ya miguu yalianza kukaza. Magoti yakaanza kumbembeleza akae kidogo tu, nani ataona. Akaanza kukanyaga palepale alipo, mguu huu, mguu huu, kama yuko barazani.

"Fundi," kijana mmoja alisema akiwa amelala chali, "unashona nini hapo?"

"Sanda yako," alisema Pastory, na sauti yake ilimtoka kavu. Wakacheka, hata yule kijana, na Keraryo akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu.

Kinyesi kibichi kilionekana upande wa pili wa mwamba. Wakaendelea. Jua sasa lilikuwa utosini. Nusu ya mwisho Pastory hakuikumbuka vizuri. Anakumbuka kichomi kilichoingia ubavuni kama sindano ya magunia. Anakumbuka kwamba aliimba, au alidhani anaimba, zile nyimbo za ufukweni, zote, kwa mpangilio wake, na watu wawili watatu nyuma wakaitikia kwa sababu nao walisoma shule, na mwili wa mtu aliyesoma shule zile ukisikia wimbo unaitikia wenyewe.

Kisha akaona mstari wa kijani kibichi bondeni. Kijito.

Hatua kama mia mbili kabla ya maji, kwenye mteremko wa changarawe, mguu wake wa kushoto ulitua kwenye jiwe lililolegea. Mtu aliyekua akikimbia angejua la kufanya. Angepiga hatua fupi mbili, angetupa mkono. Watoto wanajifunza hayo kwa kuanguka mara mia wakiwa wafupi, ardhi iko karibu. Pastory hakuwa na hayo maanguko mia. Alikwenda chini mzimamzima kama gunia, goti likapasuka, na mkono mmoja ukabaki juu umeshika tawi.

Watu wakasimama.

"Ameketi," alisema mmoja. "Zimefia hapa."

"Kweli zimefia," alisema mwingine, na wawili wakageuza miili yao kutazama walikotoka, kule lilikokuwa zizi.

Keraryo alimwangalia Pastory chini. Alifungua kopo lake la ugoro polepole, akachota, akaweka kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Ameanguka," alisema. "Kuanguka ni kitu kingine na kuketi ni kitu kingine. Ngoja nivute ugoro wangu. Nikimaliza bado yuko chini, ameketi."

Akavuta kwa tundu la kwanza la pua.

Pastory aliona damu inashuka kwenye vumbi lililomvaa mguu kama soksi. Alijaribu mguu wa kushoto, haukumjibu. Aliwaza kulala. Hakika ilikuwa haki yake kulala, jina lake lilikuwa kwenye karatasi, mgonjwa, nani atamlaumu? Angesema moyo. Angesema kifua. Hata mama mkwe angeelewa, angewaambia kuku kwamba mtoto wa watu alikuwa mgonjwa tangu zamani.

Keraryo akahamishia kidole kwenye tundu la pili.

Pastory akageuka tumboni, akaweka kiwiko, akaweka goti zima, akanyanyua makalio kwanza kama ng'ombe anavyoinuka. Kijana mmoja alianza kucheka, akaacha. Alisimama. Alipiga hatua, nyingine, na nyingine, na ile haikuwa mbio tena, ilikuwa kuchechemea kama kwa mtu wa makamo, lakini hakuna sheria iliyosema mbio nzuri. Watu ishirini walimfuata nyuma kwa mwendo wake huohuo, hakuna aliyemsukuma. Aliingia kwenye maji hadi vifundoni, akavuka. Upande wa pili walikuwa wameshasikia yowe, na mwanaume mmoja kipande cha mtu alikuwa anangoja. Pastory akamkabidhi tawi.

Ndipo akaketi. Aliketi majini.

Wale ng'ombe kumi na mmoja, wanne walipatikana siku ya tatu. Hilo si la habari hii. Saba wa Marieta walilala zizini kwao.

Pastory alirudi akitembelea fimbo, akafika jua limeinama. Siku tisa hakuweza kukanyaga cherehani, na suruali za watu zikasubiri. Marieta alimwekea maziwa juu ya jiwe kila siku, akiwaambia kuku kwamba yamezidi, yatamwagika bure. Hakumsemesha tena moja kwa moja hadi anaingia kaburini, na Pastory hakutegemea vingine.

Siku ya kumi aliamka mapema, akazunguka kitongoji mbio. Polepole, ngoma ya wadogo. Kesho yake tena. Watu walitoka kutazama ni nini kinamfukuza. Chacha, aliyerudi kutoka mashimoni bila dhahabu, alimuuliza kwa heshima kama shemeji anajisikia vizuri kichwani. Gati alicheka hadi akashika ukuta, kisha, alipokwisha kujifungua na kupona, wakawa wanakwenda wawili. Dorotea alikua akijua kwamba baba na mama hukimbia asubuhi, kama wengine wanavyojua baba na mama hufagia. Leo Dorotea ni mama wa watoto wanne na bado anakwenda kisimani mbio, ingawa bomba liko mlangoni.

Lakini vingine havikurudi. Alijaribu kuogelea, akiwa na miaka thelathini na moja, akanywa nusu ya ziwa. Alijaribu mpira na vijana, na kila ukimjia alikuwa anajikunja kama anarushiwa jiwe. Kila alipopita kwenye changarawe aliangalia chini kwa hofu ya mtoto mdogo. Nguvu aliipata, pumzi aliipata. Wepesi ule ambao mtu anaupata kabla hajajua kuwa anaupata, huo hakuupata.

Hapo ndipo swali lilipoanza kumsumbua.

Alikwenda Guta kumuuliza mama yake. Pelagia alikuwa mzee sasa, anaanika dagaa kwenye mkeka. Alisema si shuleni ndio walisema? Yeye aliambiwa na yeye Pastory mwenyewe. Kwani mtoto hakuwahi kuugua kabla ya hapo? Labda homa, alisema Pelagia, homa za watoto, nani anazihesabu. Aliona vibaya kuulizwa, akaanza kuwafukuza kuku ambao hawakuwa karibu na dagaa. Pastory akaacha.

Mwalimu wa kwanza, Leodgar, aliyeiandika ile karatasi, alikwisha fariki. Mwalimu wa pili alikuwa Stanislausi, na ilimchukua Pastory miaka mingi kujua yuko wapi. Wakati huo dunia ilikuwa imeshageuka. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imekuja, nguo za mitumba zimejaa hadi vijijini, suruali nzima kwa bei ya kiraka, na kazi ya fundi ikawa kupunguza viuno vya Wazungu wasiojulikana. Akafuata kazi hiyo Musoma. Na siku moja mtaani Iringo, kwenye meza ya mitumba, nadhani ni tisini na mbili, akamwona mzee mnene amekaa kwenye kigoda, anapanga mashati, na kila akiinuka kumwonyesha mteja anashika meza na kuhema.

Pastory alimwamkia shikamoo mwalimu. Alijitaja. Mzee alitafuta kichwani, hakupata, hadi Pastory alipopiga meza kwa vidole, ndi, ndi, ndi.

"Aa, ngoma," alisema Mwalimu Stanislausi, na uso wake ukafunguka. "Wewe ulikuwaga fundi, bwana. Sijapata tena mpiga ngoma kama wewe."

Walizungumza vizuri. Mwalimu alimuuliza kama bado anapiga. Pastory alisema hapigi, anakimbia. Amekuja leo mbio kutoka anakolala, nje ya mji, kila siku huja hivyo. Mwalimu alimtazama miguu, akamtazama uso, halafu akakaa tena kwenye kigoda chake. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa mbio ndefu chuoni, alisema. Tangu aanze kushika chaki hakukimbia tena, alikuwa anakimbiza wengine.

Kisha mwalimu, bila kuulizwa, akaeleza. Karatasi aliikuta mlangoni. Aliinakili kama alivyoikuta. Darasa la nne au la tano, siku moja alimwona Pastory anamkimbiza mbuzi wa shule aliyekuwa anakula maua, anamkimbiza vizuri tu, mbuzi ambaye Pastory mwenyewe hamkumbuki, na akajiuliza. Lakini alifikiri labda kuna jambo la nyumbani, wazazi wameomba. Na tena, alisema huku akikung'uta shati, ukweli ni kwamba ngoma ilikuwa imekaa sawa. Angemrudisha mstarini, nani angepiga?

Pastory alicheka kidogo. Hakuwa mtu wa kukasirika, na mzee alikuwa anahema. Alimsaidia kupanga mashati kwa ukubwa. Alimshonea kola moja iliyoachia, hapohapo, kwa mkono. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akamrudishia, na akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Lakini mwalimu, mimi nilikuwa naumwa nini?"